Mdudu Hanusi kwa Vipapasio Pekee

Katika shule zetu nyingi za msingi, somo la milango ya fahamu ya wadudu humalizikia kwenye sentensi moja ubaoni: "Mdudu hunusa kwa vipapasio." Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Kwa maoni yangu, mwanachuo anayejiandaa kwenda kufundisha Bukima, au kwingineko Musoma, Bunda na Butiama, hana budi kwenda mbele ya hapo.

Vipapasio hupokea harufu; uzito wa harufu hiyo huamuliwa ubongoni, kwa kadiri ya hali ya mwili. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walieleza jambo hili kwa kuchunguza wale nzi wadogo wapendao matunda yaliyoiva. Nzi akishinda na njaa, insulini hupungua mwilini mwake. Upungufu huo huzifanya neva zitokazo kwenye vipapasio ziitikie zaidi kemikali nyingine ambayo zenyewe huitoa, na habari ya chakula hufika ubongoni ikiwa na nguvu zaidi. Harufu ni ile ile. Kilichobadilika ni tumbo.

Kwetu sisi tuishio na malaria kandokando ya Ziwa Victoria, maarifa haya si ya anasa. Mbu jike wa Anopheles akishashiba damu, hamu yake ya harufu ya binadamu hupungua kwa muda. Mbu wa Aedes aegypti, waenezao homa ya dengi, walionekana katika utafiti wa mwaka 2018 wakijifunza kukwepa harufu iliyoambatanishwa na mitikisiko. Kazi ya kemikali iitwayo dopamini ilipovurugwa, hawakuweza kujifunza.

Wapo watakaosema kwamba mambo hayo yahitaji maabara, na kwamba darasa lenye watoto wengi halina nafasi ya majaribio. Hoja hiyo haina nguvu. Zatosha chupa nne, karatasi na ndizi mbivu. Wanafunzi wawakamate nzi wa matunda na kuwagawa katika chupa mbili, kila moja ikiwa na pamba yenye maji. Chupa moja itiwe kipande cha ndizi kilichofungwa uzi. Nyingine isitiwe chakula. Kesho yake asubuhi kipande hicho kivutwe nje. Kisha kila chupa iunganishwe mdomo kwa mdomo na chupa yenye ndizi mpya, kati yake pakiwekwa karatasi iliyokunjwa mfano wa pembe, yenye tundu nchani. Wanafunzi wahesabu nzi waliopita kila baada ya dakika 10, nao watabiri kabla ya kuhesabu.

Hapa mwalimu awe mwangalifu. Chupa zitaonyesha tu nzi wametenda nini, hazitaonyesha insulini. Mtoto atofautishe alichokiona kwa macho yake na maelezo yaliyopatikana kwa uchunguzi wa wengine. Na kama hesabu zikitoka kinyume cha matazamio, zisifutwe: jaribio lirudiwe, na sababu itafutwe.

Mtoto aliyekariri sentensi ya ubaoni ataijibu mitihani. Yule aliyehesabu nzi atauliza kwa nini mbu humwandama mtu huyu na kumwacha yule, na swali hilo laweza kumsaidia yeye na kijiji chake. Tumwandae huyo wa pili.