Barua pepe ya zahanati isiwe mali ya simu ya mtu mmoja

Fikiria zahanati ndogo ya familia kando ya barabara ya kutoka Soni kwenda Lushoto. Mwenye zahanati ni mama, muuguzi mstaafu. Mkwewe anakaa mapokezi. Mtoto wa kiume wa kwanza alishahamia Dar es Salaam kikazi. Kwenye kibao cha nje kuna jina la zahanati, namba ya simu na anwani ya barua pepe ya bure, ambayo kijana huyo aliifungua zamani kwa simu yake mwenyewe.

Siku moja binti kutoka Mlalo anafuata majibu ya kipimo kilichopelekwa maabara kubwa mjini. Ni safari yake ya pili. Maabara inasema ilishatuma majibu tangu wiki iliyopita. Mkwe anajaribu kufungua barua pepe, anaambiwa aweke namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye simu. Anapiga Dar es Salaam.

“Shikamoo shemeji. Kuna namba imeingia kwenye simu yako?”

“Marahaba. Laini ile niliipoteza stendi ya Mombo tangu mwaka jana.”

Maabara inakubali kutuma upya. Kwa haraka, mkwe anataja anwani yake binafsi, iliyofunguliwa kwenye simu ambayo watoto wake huchezea michezo kila jioni. Binti anapata majibu yake, yakiwa yamechelewa wiki nzima na yamepita mahali ambapo hayakupaswa kupita.

Mfano huo ni wa kufikirika, lakini hali yenyewe si ngeni kwa familia zenye zahanati, duka la dawa, shule au nyumba ya wageni. Na kwa upande wa afya, si suala la usumbufu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Anayezipokea anawajibika kuzitunza.

Njia mojawapo ya kuondokana na hali hiyo ni biashara kuwa na jina lake la mtandaoni, ambalo huitwa kikoa, kisha kukodi huduma ya barua pepe inayotumia jina hilo. Baada ya alama ya @ linakuja jina la zahanati, si la kampuni ya barua pepe. Kabla yake unaweka kazi: mapokezi, maabara, mganga. Mhudumu akiondoka, anwani inabaki na anayemrithi kazi anaendelea nayo.

Hapo kuna vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya. Kikoa ni jina, na huduma ya barua pepe ni nyumba ya kupanga. Mpangaji akihama, jina la ukoo halibaki kwa mwenye nyumba. Vivyo hivyo, kampuni inayohifadhi barua ikipandisha bei au ikibadili masharti, unahamia nyingine na anwani inabaki ileile. Kinachobadilishwa ni maelekezo kwenye kikoa, yanayoitwa rekodi za MX, ambayo huonyesha barua zipelekwe kwenye seva ipi. Kabla ya kuhama, hakikisha barua za zamani zimenakiliwa.

Uwezo huo wa kuhama una maana, kwa sababu huduma za bure hubadilika. Desemba 2012, kwa mfano, Google iliacha kuwapokea bure wateja wapya waliotaka barua pepe yenye kikoa chao.

Kwa maeneo ya milimani kama Usambara, kukodi kuna faida nyingine. Barua hazikai kwenye kompyuta ya zahanati. Umeme ukikatika Lushoto, zinaendelea kupokelewa kwenye seva za kampuni, nawe unazisoma mtandao ukirudi, kwa simu au kompyuta yoyote, bila kufunga programu maalumu.

Vikoa vinavyoishia na .tz viko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na hupatikana kupitia wasajili walioidhinishwa. Biashara hutumia co.tz, shule sc.tz, taasisi zisizo za kibiashara or.tz, na hata hotel.tz ipo.

Hata hivyo, kosa la simu ya kijana linaweza kujirudia hapa pia. Kwanza, kikoa kisajiliwe kwa jina la biashara au mmiliki, si la fundi wa kompyuta wala la ndugu aliyejitolea kusaidia. Kijana anaweza kushughulikia kila kitu, lakini mwenye mali aandikwe mama.

Pili, kikoa hulipiwa kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja mmoja. Kisipolipiwa, barua husimama, na baadaye mtu mwingine anaweza kukisajili na kuanza kupokea barua za wagonjwa wenu. Andikeni tarehe ya malipo kwenye kalenda ya ukutani.

Tatu, anwani mliyompa msajili kwa ajili ya kuwakumbusha isiwe ya kikoa hichohicho. Kikoa kikifa, ukumbusho nao hauwafikii.

Nne, wasimamizi wawe wawili, kila mmoja na nywila yake na simu yake ya uthibitisho. Kila mhudumu pia awe na njia yake ya kuingia, na siku anapoacha kazi ifungwe siku hiyohiyo. Nywila isiandikwe kwenye daftari la mapokezi.

Tano, mwombe fundi aweke rekodi za SPF na DKIM. Hizi huisaidia seva inayopokea kutambua kama barua imetoka kwenu kweli. Bila hizo, barua zenu zinaweza kutupwa kwenye taka, na tapeli anapata urahisi wa kujifanya ninyi.

Kwa familia isiyo na biashara, anwani ya bure inatosha. Ila mahali ambapo barua inabeba afya ya mtu, jioni moja baada ya chakula ulizaneni: simu ya mmoja wetu ikipotea leo stendi ya Mombo, nani ataweza kufungua majibu ya mgonjwa kesho asubuhi?