AFYA NYUMBANI: Mgonjwa wa Sukari Asiketishwe

Huku kwetu Ndosho, magharibi mwa mji wa Goma, kazi ya mwili haikosekani. Tazameni barabara iendayo Sake: vijana wasukuma chukudu zilizojaa makaa na viazi, akina mama wabeba bidoni za maji juu ya mawe ya volkano. Lakini mzee apatwapo na maradhi ya sukari, jamaa zake humketisha kitini. "Baba, pumzika," wamwambia. Hata maji ya kunawa aletewa. Huruma hiyo ni njema, ila yamdhuru.

Sababu ni hii. Kongosho hutoa insulini, nayo huifungulia sukari ya damu njia ya kuingia katika misuli. Banting na Best waliipata mwaka 1921 kule Toronto, Kanada, na tangu hapo imeokoa roho nyingi. Katika maradhi ya sukari yawapatayo hasa watu wazima, insulini hubisha hodi, lakini mwili hauitikii vema. Hapo mwendo husaidia: misuli ya miguu ifanyapo kazi huvuta sukari hata bila kuingoja insulini, na baada ya matembezi ya mara moja tu, huendelea kuiitikia vizuri zaidi kwa siku moja, pengine mbili. Kisha hali hurudi kama kwanza. Kwa hiyo kutembea Jumapili peke yake hakutoshi.

Na ubongo je? Nao husikia insulini, ambayo husaidia kuujulisha kwamba tumbo limeshiba. Kwa mtu mnene asiyetembea, mara nyingi sikio hilo huziba. Mwaka 2022 wataalamu wa Tübingen, Ujerumani, walieleza jinsi walivyowapulizia watu wa namna hiyo insulini puani, wakaupiga picha ubongo wao kabla na baada ya majuma 8 ya mazoezi. Ubongo uliitikia tena. Angalieni, lakini: ni majuma 8, si siku moja.

Mwenye kujidunga insulini asitoke na njaa, na aweke sukari mfukoni. Akitetemeka na kutokwa jasho la baridi, aile mara moja. Tena avae viatu. Mawe yetu ni makali, na mguu wa mgonjwa wa sukari huenda usisikie jeraha. Jioni, mmoja wa watoto ashike taa amtazame nyayo zake.