Duka Likivunjwa, Mwizi Hayuko Peke Yake

Kila 'Iyd inapokaribia, maduka ya Darajani hukesha na wazazi hujazana kuwanunulia watoto nguo. Ni msimu wa riziki kwa mfanyabiashara, na ni msimu wa mwizi pia. Huyu hupotelewa na korja ya kanga, yule huvunjiwa kufuli usiku, na mwingine huonyeshwa ujumbe wa uongo kwenye simu kuwa pesa zimeshaingia, akatoa bidhaa bila ya kutazama salio.

Ni haki yetu kuwadai Polisi doria. Lakini yako mambo matatu yaliyomo mikononi mwetu wenyewe.

La kwanza ni mnunuzi. Mwizi haibi mabelo kumi ya nguo ili avae. Anaiba kwa kuwa anajua tutanunua kwa nusu bei, uchochoroni, bila ya risiti na bila ya kuuliza. Anayenunua hali ya kuwa anajua amesaidia katika dhambi, jambo lililokatazwa katika Aayah ya 2 ya Suwratul-Maaidah. Mali hiyo haimhalalikii kwa kuwa ameilipia. Inabaki ya mwenyewe na ni wajibu kurudishwa. Sheria za nchi nazo zinahesabu kupokea mali ya wizi kuwa ni kosa.

La pili ni "tuyamalize kifamilia". Kijana akikamatwa, wazee humwendea mwenye duka mpaka anaona haya kudai chake. Kusamehe ni jambo jema, lakini ni haki ya aliyeibiwa, si ya jamaa wa mwizi. Swafwaan bin Umayyah (Radhwiya Allaahu 'anhu) aliibiwa nguo yake, na mwizi alipohukumiwa akataka kumsamehe. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) akamuuliza kwa nini hakufanya hivyo kabla ya kumfikisha kwake. Na Usaamah bin Zayd alipomuombea mwanamke wa Bani Makhzuum aliyeiba, Mtume alimkatalia, japo ukoo ule ulikuwa mtukufu. Basi suluhu iwe kabla ya kesi, kwa ridhaa ya kweli, na mali irudi kwanza.

La tatu ni kipigo. Wapo wanaodhani kumpiga mwizi mpaka afe ndiyo kusimamisha dini. Sivyo. Haddi ni ya mtawala, baada ya ushahidi na masharti yake kutimia, na 'Umar (Radhwiya Allaahu 'anhu) aliisimamisha mwaka wa njaa. Anayeua kwa tuhuma za barazani amebeba damu, na pengine ni ya asiye na hatia.

Wenye maduka nao wana sehemu yao: kuandika kinachoingia na kinachotoka, kuchangia mlinzi kwa pamoja, na kumlipa kijana wa dukani ujira wake kwa wakati. Khiyana ni haramu kwa hali yoyote, lakini kumdhulumu mfanyakazi pia ni haramu.

Kinga ya mwanzo, hata hivyo, iko nyumbani. Mtoto asiye na kazi akirudi na simu mpya, tusifurahi naye kabla ya kumuuliza ameitoa wapi. Na akileta sukari na mchele, tuulize vilevile, hata kama jikoni hakuna kitu.

Wa Allaahu A'lam.