Helmeti Peke Yake Haitoshi Kama Mwenye Gari Anachati

Makamanda,

Kila ajali ya bodaboda ikitokea, maelezo yatakayofuata tunayajua hata kabla hayajasomwa: uzembe wa mwendesha pikipiki. Basi, imeisha hiyo. Hatukatai, wapo wenzetu wanaopakia mishikaki, wanaokatiza taa nyekundu, wanaoendesha bila leseni. Lakini kuna dereva mwingine ambaye hasemwi sana: yule aliyekaa nyuma ya vioo vyeusi, simu mapajani, anajibu meseji huku gari linatembea.

Tupige hesabu. Kwenye maeneo ya makazi mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Mtu akiinamia simu sekunde 3 tu, ameshapita zaidi ya mita 40 bila macho barabarani. Pale Ubungo au Mwenge saa 12 jioni, ndani ya mita 40 kuna bodaboda wangapi? Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana hatari ya kupata ajali karibu mara 4 kuliko asiyetumia. Na ajali yenyewe haigawani sawa. Yeye bampa linapinda, wewe mguu unavunjika.

Sasa angalia nani anasimamishwa barabarani. Boda anaulizwa leseni, helmeti, bima, refleta. Sawa, aulizwe. Ila shangingi linalochomekea bila indiketa, dereva simu sikioni, linapigiwa saluti. Sheria inayomwona maskini tu haiwezi kuitwa usalama barabarani.

Kelele hizi tutaendelea kuzipiga. Lakini wakati tunadai, kijana wetu anatakiwa arudi nyumbani leo. Kwa hiyo shikeni haya.

Endesha kama vile hakuna anayekuona. Kama humwoni dereva kwenye saiti mira yake, ujue na yeye hakuoni. Usikae hapo. Ama mpite haraka pakiwa salama, ama rudi nyuma.

Usiamini indiketa, wala usiamini kwamba hakuna indiketa. Angalia tairi la mbele. Tairi likianza kukata, gari linakuja, hata kama dereva anaangalia kwingine.

Usipite kushoto kwa daladala lililosimama. Abiria anashuka bila kuangalia, na konda anaruka kabla gari halijatulia. Magari yaliyopaki nayo yapite kwa kuacha nafasi ya mlango kufunguka.

Washa taa hata mchana. Kwenye foleni usijibane katikati ya malori mawili, dereva aliyekaa juu kule hana habari na wewe. Mvua ikianza tu, punguza mwendo, maana vumbi na oili vikilowa lami inakuwa kama sabuni.

Na helmeti vaa, tena funga kamba. Ile ya kuning'iniza kwenye usukani mpaka uone trafiki haimsaidii mtu. Shirika hilohilo linasema helmeti iliyovaliwa sawasawa inapunguza hatari ya kufa zaidi ya mara 6. Abiria naye ana haki ya kuvaa. Dada akikataa kwa sababu ya nywele, mpe kitambaa cha kuvaa ndani. Usimpe ruhusa ya kufa.

Sasa tunachodai kwa wenye mamlaka. Kwanza, simu mkononi kwa mwenye gari ikamatwe kwa ukali uleule wa boda asiye na helmeti, hata kama gari ni la serikali. Pili, barabara mpya zikichorwa, pikipiki itengewe nafasi. Mabasi ya mwendokasi yalitengewa njia yake Dar na yakaanza kazi mwaka 2016, kwa hiyo tusiambiwe haiwezekani. Tatu, helmeti zenye kiwango zishuke bei, kwa kodi au kwa ruzuku, ili kijana asinunue ganda la plastiki. Nne, majeruhi atibiwe kwanza, habari za PF3 na pesa zifuate baadaye. Tano, mikataba ya pikipiki iangaliwe. Kijana anayekimbizana na hesabu ya tajiri tangu alfajiri mpaka usiku wa manane anasinzia kwenye usukani, na uchovu nao ni kutokuwa makini.

Mwisho, tuseme na nyumba yetu. Wakati wa kampeni kila chama kinapenda boda. Wanajaziwa mafuta, wanapewa bendera, wanapiga honi mbele ya msafara vichwa wazi, wengine wamesimama juu ya siti. Picha inapendeza mtandaoni. Siku kijana yuleyule akilazwa na mguu umefungwa vyuma, hakuna msafara unaokwenda wodini. Baraza letu la vijana litoke na kauli moja: pikipiki isiyo na helmeti mbili haiingii kwenye msafara wetu, na madereva wa magari ya chama hawashiki simu wakiwa kwenye mwendo. Tukiweza kwetu, tutakuwa na mdomo wa kuidai serikali.

Kijana aliyekufa barabarani hapigi kura na halindi kura. Mpelekee ujumbe huu boda wako wa kila siku, halafu mpelekee na rafiki yako mwenye gari. Huyo wa pili ndiye anauhitaji zaidi.

Tunawataka wazima. Mapambano yanaendelea!