Stesheni Zetu Si Chuma Chakavu

Tukikutana hapa Al-Murabba, Riyadh, na mazungumzo yakifika nyumbani, hakosi mwenzetu wa kusema: "Stesheni zile kongwe za nini? Mkoloni kaondoka, treni ya Madaraka ipo tangu 2017. Zivunjwe, chuma kiuzwe!" Sisi wahandisi hatukubali.

Tazameni Madina. Reli ya Hijazi ilianza kujengwa 1900 kwa amri ya Sultani Abdul Hamid II, ikafika Madina 1908, kilomita kama 1,300 kutoka Damascus. Msafara wa ngamia wa siku 40 ukawa safari ya siku chache. Makka haikufika, na kuanzia 1916 vita viliivunja vipande vipande. Haikubeba mahujaji wa Madina hata miaka 20! Lakini stesheni yake ya mawe imesimama, imefanywa makumbusho, na vichwa vya treni vimo. Wasaudi walipozindua treni ya Haramain mwaka 2018, ya kilomita 300 kwa saa, hawakuona haja ya kuibomoa ile ya babu.

Yetu ilianza Mombasa 1896, ikafika ziwani 1901, ikabeba watu zaidi ya miaka 100. Ipi ina haki zaidi ya kutunzwa?

Tunajibiwa: "Ile ilijengwa kwa michango ya Waislamu, yetu kwa ubabe wa Mwingereza." Michango ilikuwepo, ni kweli. Lakini reli ile ilibeba pia askari wa Sultani, na Waarabu wenyewe ndio waliotia baruti relini. Leo wajukuu wao wanaipaka rangi. Na yetu je, aliilaza Mwingereza kwa mikono yake? Waliletwa vibarua kama 32,000 kutoka Bara Hindi, wakafa karibu 2,500. Anayepita Mackinnon Road anauona msikiti wa Sayyid Baghali, kando kabisa ya reli. Wasafiri wangapi wameteremka pale kuomba dua! Huyo naye tumuite chuma chakavu?

Wengi wetu tumesomeshwa kwa mishahara ya reli. Wazee wetu walikuwa magadi, mafaya, mastesheni masta. Picha zao zimo masandukuni Voi, Makindu na Kisumu, zinaliwa na mchwa. Mkienda likizo zichukueni, mwandike nyuma jina, stesheni na mwaka, mtuletee nakala.