Majani ya Biano, nani analipa?

Mama anarudi toka ku soko na nyama kidogo mu sashe, anasema: bei imepanda tena. Baba ametoka mu mine, amechoka, analaumu muuzaji. Muuzaji analaumu mwenye ng'ombe. Na mwenye ng'ombe, kule juu ku Biano, amulaumu nani?

Tuongee juu yake leo, maana hapa mjini tunamusahau. Tangu wakati wa Wabeleji, ng'ombe wa kule walifugwa kusudi walishe watu wa mines. Lakini udongo wa Biano ni muchanga, majani hayana nguvu sana, na ng'ombe mumoja anaomba hektari nyingi. Sasa mufugaji anaambiwa: usichome majani mwezi wa tisa, usiingize ng'ombe mu dembo, acha swala wapite. Maneno mazuri. Tuhesabu basi. Mwenye ng'ombe 500, akiacha sehemu moja ya tano ya majani yake, ng'ombe 100 wanakosa chakula. Atawauza, ao atanunua chakula cha kiangazi. Tena kuna kukata njia za kuzuia moto kila mwaka mbele majani hayajakauka, kulipa walinzi, na dawa ya kupe, maana nyama wa pori nao wanabeba kupe.

Mwenye fereme kubwa atavumilia. Mufugaji wa kijiji mwenye ng'ombe 12, hapana. Wale ng'ombe ndio banki yake, ndio minerval ya watoto.

Hatusemi majani yaharibiwe. Dembo ni sawa sponji: inakunywa mvua, inatoa maji polepole mu kiangazi. Maji ya Biano na ya Kibara yanashuka mu Lualaba na Lufira, yanafika ku maziwa ya Upemba, na samaki wa kule ndio tunakula na bukari siku nyama inakosa (na siku hizo ni nyingi, tusidanganyane). Parke ya Upemba iko tangu 1939, na mule ndimo wanabaki punda milia wa mwisho wa Kongo. Faida ni ya sisi wote. Hasara ni ya mutu mumoja.

Hapo ndipo tunakataa. Kode ya mines ya 2018 inagawa redevansi hivi: asilimia 50 kwa Kinshasa, 25 kwa provensi, 15 kwa sekta, sheferi na komini, 10 kwa mufuko wa vizazi vinavyokuja. Provensi ya Lualaba iko na mines, na iko na majani ya Biano vilevile. Tunaomba wabunge wa Kolwezi waandike mustari mumoja tu mu bajeti ya mwaka ujao: malipo kwa kila hektari ya dembo inayoachwa ipumuzike. Yalipwe kwa mufugaji mwenyewe, mkononi, mbele ya shefu wa kijiji, si kwa kamati ingine ya kukalia viti. Na waanze na wale wa ng'ombe 12.