Tuangalie Sahani ya Mwanafunzi

Wanangu mlioko vyuoni, nawaomba mkumbuke mlichokula wiki hii. Asubuhi chai ya rangi na andazi, mchana pasi ndefu bila kula, jioni chipsi kavu, au zege la mayai kama boom la mkopo limeingia. Tumbo linajaa, lakini vitamini za kundi B ni haba mno kwenye mlo huo. Nazo ndizo zinazousaidia mwili kupata nguvu kutoka kwenye chakula, kutengeneza damu na kulinda mishipa ya fahamu. Mwenye upungufu huchoka bila kazi, ulimi humuuma, pembe za mdomo humchanika, au hupungukiwa damu.

Vitamini hizi huyeyuka katika maji, na nyingi hazikai mwilini muda mrefu. Akiba ya B1 huisha ndani ya wiki chache. B12 ndiyo ini huitunza kwa miaka. Kwa hiyo mapochopocho ya likizo nyumbani hayawezi kumbeba mtu muhula mzima.

Sembe, unga wa mahindi yaliyokobolewa, nayo tuitazame upya. Mwishoni mwa karne ya 19, kisiwani Java, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku waliolishwa mchele uliokobolewa wakipooza miguu, kisha wakapona walipopewa mchele wenye ganda lake la ndani. Kazi hiyo ilifungua njia ya kuuelewa ugonjwa wa beriberi, unaotokana na upungufu wa B1, na mwaka 1929 ikampatia Tuzo ya Nobel. Mahindi yetu hayana tofauti: tukiyakoboa hadi unga uwe mweupe kama chokaa, sehemu kubwa ya vitamini B huondoka na pumba na kiini, tukawapa kuku na ng'ombe. Tanzania iliweka kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga mwaka 2011, ikiwemo asidi ya foliki (aina ya vitamini B9), lakini unga mwingi tunaokula unatoka mashine za mitaani ambako nyongeza hiyo ni nadra. Mnaopika hosteli, nunueni dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa. Si chakula cha adhabu.

Mabinti, kwenu nina ombi la pekee. Foleti, yaani B9, inahitajika kabla mimba haijajulikana, kwa sababu uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo baada ya mimba kutungwa. Ikikosekana, hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi huongezeka. Anayepanga kupata mtoto, hata kama ni baada ya mahafali, aulize zahanati kuhusu asidi ya foliki. Kiwango kinachoshauriwa ni mikrogramu 400 kwa siku. Kwa wengine wote, maharage, kunde, choroko na mchicha vina foleti nyingi, na bei yake haimshindi mwanafunzi. Kwa B12 ongezeni dagaa, yai au maziwa, maana mboga peke yake haina. Nawasihi pia msikimbilie vidonge vikali vya duka la dawa kila mnapochoka: B6 ikizidi sana kwa muda mrefu huharibu mishipa ile ile mnayotaka kuilinda.

Mama lishe wa nje ya geti, nyinyi ndio walezi wa watoto wetu kwa miaka yote ya masomo. Tafadhali osheni mchicha kabla ya kuukata, upikeni kwa muda mfupi, na msimwage maji mliyochemshia mboga au maharage, kwa sababu vitamini zimo humo. Mwanafunzi akiomba aongezewe mchuzi, mwongezeeni.

Na viongozi wa serikali za wanafunzi, mnapoitwa kujadili zabuni ya kafteria, msiishie kwenye bei ya sahani. Ulizeni kama dona itapikwa, kama maharage yatakuwepo kila siku, na kama mboga za majani zitapakuliwa kwa upawa au kwa kijiko cha chai. Majibu yaandikwe ndani ya mkataba, na nakala yake ibandikwe mlangoni mwa kafteria.